Kiraka Kinachovuka Ziwa

Kabimba, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kalemie, inajulikana kwa saruji. Mawe ya chokaa yanachimbwa hapo, yanachomwa, yanasagwa, na mifuko inaondoka kwenda kujenga miji mingine. Anayesimulia historia ya zana ambayo waandishi wa programu za kompyuta huitumia kuandaa na kutuma viraka hawezi kudai kwamba ilianzia hapo. Ilianzia New Jersey na California, ikapitia Helsinki, ikakomaa katika barua pepe za watu wa mabara yote. Hata hivyo naitazama kutoka Kabimba kwa makusudi. Kiraka cha programu kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na mahali programu inapotunzwa, ambaye njia yake ya mawasiliano ni nyembamba na hukatika. Mwaka 1985 mtu huyo aliishi Marekani. Leo anaweza kuwa mkazi wa Tanganyika. Hoja yangu ni kwamba kila mara zana hii ilipoboreshwa kwa kumfikiria yeye, wote walinufaika, hata aliyeketi jirani na seva. Ilipoboreshwa kwa kumsahau, kazi ilikuwa nyepesi kwa walio karibu na mlango ukawabana waliobaki.

Neno lenyewe Kiswahili kinalo tayari. Kiraka ni kipande cha kitambaa kinachoshonwa juu ya tundu ili vazi zima lisitupwe. Katika programu ni faili fupi la maandishi linalosema: kwenye faili fulani, mahali fulani, ondoa mistari hii, weka hii badala yake. Aliyeona kasoro huandika kiraka na kukituma kwa mtunzaji wa programu. Mtunzaji hukisoma mstari kwa mstari, na akiridhika hukishona. Zamani jina hili halikuwa la mfano. Kompyuta ya Harvard Mark I, iliyoanza kazi mwaka 1944, ilisoma maagizo kutoka kanda za karatasi zilizotobolewa, na kosa lilisahihishwa kwa kubandika kipande cha karatasi juu ya matundu yasiyotakiwa. Baadaye kanda za karatasi zilipokwisha, busara hiyo ya kurekebisha kipande tu ikasahaulika, na programu zikaanza kusafirishwa nzimanzima kwenye kanda za sumaku, hata kama kilichobadilika ni mistari kumi. Watu wa ziwa hili wanaijua vizuri gharama ya kusafirisha kitu kizima. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuteremshwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Tangu hapo imedumu kwa kutengenezwa kipande kwa kipande. Hakuna aliyeagiza makasha mengine 5,000 kila sahani ya chuma iliposhika kutu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuifundisha mashine kutambua tofauti. Katika maabara za Bell Labs, Douglas McIlroy aliandika programu iitwayo diff, iliyotolewa mwaka 1974 pamoja na Unix, na mwaka 1976 yeye na James Hunt wakachapisha maelezo ya kanuni yake. Ukiipa mafaili mawili, la zamani na jipya, diff hutafuta mistari yote inayofanana kwa mfuatano mrefu kuliko yote, kisha hutaja iliyobaki tu. Jibu lake lilikuwa maagizo yenye namba: futa mstari wa 40, ongeza miwili baada ya wa 72. Kwa mtu mwenye faili lile lile, maagizo hayo yalitosha. Kwa aliye mbali yalikuwa mtego. Mtumiaji wa mbali karibu kila mara alikuwa ameigusa nakala yake, ameongeza mistari mitatu ili programu ikubali mashine yake, na mstari wa 40 wa mwandishi ukawa wa 43 kwake. Maagizo yalifuatwa bila huruma, na kilichofutwa kilikuwa kitu kingine.

Larry Wall, ambaye baadaye angetunga lugha ya Perl, alikuwa ameandika programu ya kusomea habari kwenye mtandao wa Usenet, na alitaka kuwapelekea watumiaji wake masahihisho bila kuwatumia programu nzima upya. Tarehe 24 Mei 1985 alitangaza zana aliyoiita patch. Ndani yake mlikuwa na wazo moja ambalo naliheshimu kuliko mengine yote katika historia hii. Badala ya kuiamini namba ya mstari, patch ilisoma mistari inayozunguka badiliko, kwa kawaida mitatu juu na mitatu chini, ikaenda kuitafuta katika faili la mpokeaji. Isipoikuta mahali ilipotajwa, ilitafuta juu na chini yake. Isipoikuta yote, ilikubali kupuuza mstari wa pembeni kabisa, kisha wa pili. Ikishindwa, haikulazimisha, iliweka kipande kilichokataliwa katika faili la peke yake na kuhifadhi nakala ya zamani. Yeyote anayeishi katika mji usio na namba za nyumba anaielewa mara moja. Mgeni Kabimba haambiwi nyumba namba 40. Anaambiwa apite kanisa, akiuona mwembe ageuke, nyumba iko kati ya duka na kisima. Duka likifungwa, mwembe na kisima bado vinamfikisha. Wall aliifundisha mashine kuelekezwa namna hiyo. Mwaka 1990 Wayne Davison alibuni muundo mfupi zaidi, unaoweka mistari ya zamani na mipya pamoja kwa alama za kutoa na kujumlisha, ili mazingira yasirudiwe mara mbili. Muundo huo ndio unaotumika hadi leo, na kila baiti uliyoipunguza ilikuwa muhimu kwa mtu aliyeunganishwa kwa modemu ya simu.

Linux ndiyo iliyoionyesha dunia nguvu ya mpango huu, na pia mahali ulipochanika. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa zaidi ya miaka kumi kiini cha mfumo mzima wa Linux kilikua kwa viraka vilivyomjia kwa barua pepe. Matoleo mapya nayo yaliwekwa kama viraka juu ya matoleo ya zamani, ili mtu wa modemu ashushe tofauti peke yake. Ilipofika 1998 barua zilikuwa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kusoma. Viraka vilipotea bila jibu. Aliyetuma hakujua kama kimekataliwa, kimesahaulika, au hakikufika. Mwaka 2002 Torvalds alianza kutumia BitKeeper, mfumo wa kampuni uliotolewa bure kwa masharti, na Aprili 2005 ruhusa hiyo ilipoondolewa aliandika Git katika siku chache; kufikia tarehe 7 ya mwezi huo Git ilikuwa inatunza historia yake yenyewe. Julai mwaka huo huo alimkabidhi Junio Hamano kuitunza. Katika Git kila mtu anayo historia nzima kwenye kompyuta yake. Anaweza kulinganisha, kurudi nyuma, kuandika badiliko na kulieleza bila mtandao kuwapo. Ndani yake pia kuna amri ya kugeuza kazi kuwa viraka vyenye umbo la barua, nyingine ya kuvituma, na nyingine ya kuvipokea. Kuandaa na kutuma vikatenganishwa waziwazi. Ya kwanza hufanyika wakati wowote, ya pili ile dakika mtandao unapopatikana.

Lakini huku sehemu ya kuandaa ikipanuka, sehemu ya kutuma iliachwa ijae miiba. Mwaka 2004, baada ya kesi za kampuni ya SCO kuhusu umiliki wa msimbo, kila kiraka cha Linux kilianza kudaiwa saini ya maandishi ya mwandishi akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Ikaja programu ya kukagua mtindo wa uandishi, ikaja nyingine ya kutafuta ni watunzaji gani wapelekewe. Kila moja ilikuwa na sababu njema, na kila moja iliongeza hatua ambayo mtumaji alipaswa kuikumbuka kwa kichwa. Juu ya hayo, programu nyingi za barua pepe ziligeuza nafasi tupu, zikakata mistari mirefu, zikaingiza rangi na mapambo, na kiraka kilichoandikwa vizuri kikafika kimeharibika. Marekebisho yakitakiwa, mtumaji alitengeneza toleo la pili, akaandika kwa mkono nini kimebadilika, akaongeza majina ya waliokwisha kukikubali, akahakikisha barua zote zinafuatana. Aliyefanya hivyo kila siku alizoea. Aliyekuwa na kiraka kimoja tu maishani mwake, labda cha maana sana, mara nyingi alikata tamaa njiani.

Kwetu historia hii ilikuwa na sura nyingine, na inafundisha zaidi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kazi ile ilistahili fahari, maana maelfu ya maneno ya menyu na maonyo yalitafutiwa Kiswahili kwa mara ya kwanza. Lakini OpenOffice 2.0 ilitoka Oktoba 2005, na tafsiri iliyoshonwa kwenye toleo moja huanza kuchakaa siku toleo jingine linapotoka. Tafsiri nayo ni kiraka. Ili iendelee kuishi inahitaji njia ya kudumu na nyepesi ya kurudi kwa watunzaji, kila toleo, kila mwaka, hata ufadhili ukiisha na timu ikatawanyika. Linganisha na OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kuandikwa mwaka 2004 na kuanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH. Huo ulijengwa tangu siku za kwanza pamoja na watu walioutumia hospitalini, na mapengo waliyoyaona Eldoret yalikuwa na mahali pa kwenda. Au DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliuweka nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na sasa ndio unaobeba takwimu za kanda za afya za Kongo, zaidi ya 500, Kalemie ikiwemo. Programu yake ya simu hujaza taarifa bila mtandao na kuzipeleka mtandao ukirudi. Uwezo huo ulitokana na shinikizo la maeneo yenye mawasiliano hafifu. Katika mifano hii mitatu werevu wa watu ulikuwa sawa. Kilichotofautiana ni uimara wa njia ya kurudisha badiliko.

Hapa nasikia pingamizi la kwanza, na ni zito. Tangu GitHub ilipoanza mwaka 2008, kijana wa leo hatumi kiraka kwa barua. Anabonyeza kitufe kwenye ukurasa, ombi lake linaonekana, majibu yanakuja hapo hapo. OpenMRS na DHIS2 zenyewe zimehamia huko. Kwa nini kung'ang'ania barua pepe za miaka ya themanini? Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Kwa anayetaka kusahihisha neno moja katika maelezo ya programu, kitufe kinashinda, maana anaweza kuhariri bila kushusha msimbo wote, na njia ya barua humtaka kwanza awe na nakala nzima ya chanzo. Kwa kiini cha Linux nakala hiyo pamoja na historia yake ni gigabaiti kadhaa. Anayenunua mega kwa vocha ataihesabu gharama hiyo kabla ya kuanza, hata kama kuna namna ya kushusha toleo la mwisho tu bila historia.

Lakini kitufe kina sharti ambalo halitajwi. Hudhani kwamba aliyekibonyeza atakuwa mtandaoni wakati wote wa mazungumzo. Mkaguzi anauliza swali, jibu linasubiri ukurasa ufunguke. Mitambo ya majaribio inatoa maelfu ya mistari ya matokeo, nayo inasomwa ukurasani. Mjadala mzima unaishi kwenye seva ya kampuni moja na hauwezi kubebwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti nchini, na haikurudi kwa takriban siku 20. Machi 2024 nyaya za baharini za Afrika Magharibi zilikatika, Mei mwaka huo huo zikakatika za EASSy na Seacom zinazolisha upande wa mashariki. Umeme wa Kalemie hutegemea maporomoko ya mto Kyimbi huko Bendera, na ukikatika seva na minara hunyamaza pamoja na taa. Barua pepe haishangazwi na hali hiyo. Viraka kumi na mjadala wake wote hushuka mara moja, husomwa usiku bila mtandao, hujibiwa, na majibu hukaa kwenye foleni mpaka njia ifunguke. Ilikua katika dunia ambamo mashine zilipigiana simu mara chache kwa siku. Dunia hiyo haijapita kwa kila mtu.

Ndiyo maana uboreshaji ninaouona wa maana zaidi katika miaka ya karibuni ni ule ambao haukuiua barua wala haukumwacha mtumaji na miiba yake. Konstantin Ryabitsev, anayesimamia mitambo ya kernel.org, tovuti ya kiini cha Linux, aliandika zana iitwayo b4. Mwanzoni, mwaka 2020, iliwasaidia wapokeaji: mtunzaji aliitajia barua moja, nayo ikakusanya mfululizo wote wa viraka kutoka kwenye ghala la barua, ikaupanga, ikaongeza majina ya waliokubali, ikakagua saini. Mwaka 2022 Ryabitsev aliigeukia nusu nyingine, ya mtumaji. Mtu sasa huanzisha tawi la kazi kwa amri moja. Barua ya utangulizi hukaa ndani ya tawi lenyewe, hivyo haipotei kompyuta ikizimika. Zana hutafuta wapokeaji yenyewe. Hujua hili ni toleo la kwanza au la tatu, hutayarisha mahali pa kueleza kilichobadilika, hukumbuka kilichotumwa mara ya mwisho ili mkaguzi alinganishe, na huyachukua majina ya waliokubali kutoka kwenye majibu na kuyaandika mahali pake. Mambo yote ambayo mtumaji alitakiwa kuyakariri yalihamia kwenye mashine.

Sehemu moja ya kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu bila kukusudia ilijibu shida ya watu wa kwetu. Kutuma kiraka kwa barua kulihitaji seva ya barua inayokubali kuongea na programu nyingine. Makampuni mengi hayaruhusu, na barua za bure nazo zilizidi kufunga milango. Mei 2022 Google iliondoa njia rahisi ambayo programu za namna hii zilitumia kuingia Gmail kwa neno la siri la kawaida. Ryabitsev akaongeza mlango mwingine: b4 huweza kukabidhi viraka kwa seva ya kernel.org kupitia njia ile ile inayofungulia kurasa za wavuti, baada ya mtumaji kuandikisha ufunguo wake mara moja. Kila kiraka husainiwa kwa ufunguo huo, na seva ndiyo inayokigeuza kuwa barua safi isiyokatwa mistari. Kwenye mtandao wa simu ambao hupitisha wavuti lakini huzuia au hukwamisha njia za barua, hii ni tofauti kati ya kutuma na kutotuma. Matayarisho yote hubaki nje ya mtandao. Muunganisho unaotakiwa ni wa sekunde chache na wa kilobaiti chache. Sijui uboreshaji mwingine wa zana hii, tangu ule wa Wall, uliomfikia mtu wa mbali kwa ukamilifu kama huu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watunzaji wenyewe, nalo lisidharauliwe. Ugumu wa kutuma, wanasema, ni ungo; ukiuondoa, takataka zitajaa. Wana ushahidi. Oktoba 2020 shindano la Hacktoberfest, lililotoa fulana kwa waliochangia programu huria, lilizaa mafuriko ya mabadiliko ya upuuzi, neno moja kuongezwa hapa na nukta pale, mpaka waandaaji wakabadilisha masharti kabla mwezi haujatimiza wiki, ili mradi uhusike kwa hiari yake tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walituma viraka vyenye kasoro za makusudi kwa Linux kupima kama vitagunduliwa, na Aprili 2021 michango ya chuo hicho ikasimamishwa. Mwaka 2024 mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji mmoja aliyechoka aliweza kupenyeza mlango wa siri katika zana ya kubana mafaili iitwayo xz.

Nikiisoma mifano hiyo kwa makini, naona inathibitisha kitu kingine. Wale wa Minnesota waliijua njia ngumu ya barua na waliitumia bila shida. Yule wa xz alikuwa na subira ya miaka. Ugumu haukumzuia mwenye nia mbaya na muda mwingi. Ulimzuia mwenye nia njema na muda mchache. Na mafuriko ya Hacktoberfest yalitoka kwenye kitufe, ambako kutuma hakukudai mtu athibitishe chochote. Ungo unaofaa ni ule unaouliza kabla ya kutuma: je, badiliko linajengeka, limefuata mtindo, limeelezwa sababu yake, limesainiwa, linaelekezwa kwa mhusika? Hayo zana inaweza kuyauliza kwenye kompyuta ya mtumaji, bila kumchosha mtunzaji na bila kutumia mega hata moja. Kurahisisha mikono ya mtumaji na kuacha ukaguzi wa maana ubaki mgumu ni mambo yanayoweza kukaa pamoja. Tena mtunzaji mchovu husaidika zaidi kwa kuongezewa wasaidizi, na wasaidizi wa kesho ni hao hao waliotuma kiraka cha kwanza leo bila kuumizwa.

La tatu ni pingamizi linaloniuma zaidi, kwa sababu linatoka nyumbani. Kabimba ina barabara ya kutengeneza, umeme wa kuimarisha, watoto wa kusomesha. Jimbo la Tanganyika, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, limepita katika vita na mafuriko ya ziwa. Nani hapo ana haja ya kutuma viraka vya programu? Siwezi kusema kwamba kiraka kinatangulia maji safi. Ninachosema ni kwamba programu zimeshafika bila kusubiri barabara. Kila simu ya Android mkononi mwa mvuvi inaendeshwa na kiini cha Linux. Hesabu za wagonjwa wa malaria zinapita kwenye DHIS2. Menyu zinazosomwa ni za Kifaransa au Kiingereza, na pale zilipo za Kiswahili, mara nyingi ni Kiswahili ambacho mtu wa Kalemie anakisoma kwa kusitasita, maana hakuna msemaji wa Kiswahili cha Kongo aliyeulizwa. Kasoro ya programu inayokatika ovyo mtandao ukiwa hafifu haiwezi kuonekana na mwandishi anayeketi Oslo kwenye nyaya za mwanga. Itaonwa kwanza na muuguzi aliye ufukweni. Kama hana njia ya kurudisha anachokiona, kasoro itabaki, na yeye ndiye atakayeilipia kila siku ya kazi. Akiwapo karibu naye kijana mmoja aliyejifunza msimbo Kalemie au Lubumbashi, umbali kati ya kuiona kasoro na kuiondoa ni ubora wa zana hii na karibu hakuna kingine.

Kuna upungufu ambao b4 haijaugusa. Mlango wake wa wavuti unahudumia Linux na miradi michache iliyo jirani. Miradi ya afya na ya lugha iliyo muhimu zaidi kwetu imo ndani ya kurasa za makampuni, na viraka vyake havisafiri vizuri nje ya mtandao. Maelekezo yote ya zana ni ya Kiingereza. Hakuna kinachozuia itengenezwe zana yenye tabia zile zile kwa ajili ya tafsiri: mtu ashushe maneno mia mbili, ayafanyie kazi wiki nzima gizani, zana ikague kama hajaacha alama iliyotakiwa kubaki, kisha tofauti peke yake irudi katika sekunde za mtandao atakazozipata. Vipande vyote vya kujengea hilo vipo tangu Git, na baadhi tangu 1985.

Git yenyewe huandika tarehe mbili kwa kila badiliko: siku lilipoandikwa, na siku lilipopokelewa katika ghala. Huandika pia majina mawili, la mwandishi na la aliyelishona. Mwandishi wa Kabimba ambaye intaneti imekatwa anaweza kuligeuza badiliko lake kuwa faili, kulitia kwenye flashi, na kumpa abiria wa boti iendayo Kalemie, au ya Uvira, au ya kuvuka hadi Kigoma ambako mnara unafanya kazi. Atakayelipokea faili hilo na kulishona atabaki kwenye historia kama aliyelishona, kwa tarehe ya siku yake. Kwenye mstari wa juu litakaa jina la aliyeliandika, na tarehe ile ya kwanza, siku ambayo mtandao haukuwapo.